Re: SEISS ya nne (ruzuku ya korona ya Uingereza kwa waliojiajiri) – nimewakatia simu watu wa kodi

Mama Amani (Sheffield)
18 Mei 2021, saa 4 usiku

Wandugu, muko aje? Niko na shida, na ninaomba asiyejua asinijibu. Mara ya mwisho niliuliza kuhusu viza ya mama nikapewa mapishi ya sombe.

Wengi munajua nasuka nywele nyumbani kwa wateja tangu Julai 2019. Kabla ya hapo nilikuwa nafagia ofisi. SEISS tatu za kwanza sikupata kitu, kwa sababu ritani yangu ya kwanza ya kodi ni ya 2019/20 na wao walikuwa wanaangalia za nyuma yake. Hii ya nne ndiyo imetufungulia mlango sisi wapya, mradi ritani iwe imeingia kabla ya 2 Machi kwisha. Yangu iliingia Januari. UTR, namba ya mlipa kodi, ninayo; Gateway, akaunti yao ya mtandaoni, inafunguka. Mwezi wa nne ikaja barua ya watu wa kodi: tutakupigia kwanza kuhakikisha ni wewe kweli. Sawa.

Ijumaa simu inalia, namba imefichwa. Nina msichana wa watu katikati ya magoti, nusu ya kichwa nimeshasuka, vidole vyote mafuta. Nikapokea kwa kiwiko. Bwana mmoja, sauti ya upole kama ya padri, anajua majina yangu yote mpaka lile la babu. Anataka kitambulisho chenye picha na taarifa za benki za miezi mitatu. Miezi mitatu! Na munakumbuka yule dada wa Rotherham alivyolizwa na mtu mwenye sauti ya upole hivyo hivyo. Nikamwambia "mwizi weye", kwa Kiswahili, nikakata.

Sasa ukurasa unaniambia siwezi kuomba. Nimepiga simu yao, nikasikiliza muziki dakika hamsini, aliyepokea akasema nitapigiwa tena, lini hajui. Swali langu ni moja tu: nifanye nini wanipigie tena kabla dirisha halijafungwa?

Papa Chukudu (Norwich)
18 Mei, saa 5 usiku

Mama Amani, pole, lakini ile simu ilikuwa ya kweli. Nyinyi wa ritani ya kwanza munahakikiwa kwanza: kitambulisho na taarifa za benki, ndivyo ilivyo. Dirisha linafungwa 1 Juni. Si mwisho wa mwezi, ni TAREHE 1 JUNI, kuna mtu hapa alisema 31.

Mimi sikupigiwa kwa sababu ni wa zamani, teksi tangu 2014. Ya kwanza asilimia 80, ya pili 70, ya tatu 80. Dari, yaani kiwango cha juu, lilikuwa pauni 7,500, likashuka 6,570, likarudi 7,500. Sisemi nimeligusa hilo dari. Mwaka jana mwezi wa nne nilikuwa nakaa pale stesheni kuanzia saa kumi na moja asubuhi, inashuka treni nzima na watu wawili, na mmoja wao ni dereva. Kimya kama Birere kule Goma siku ya ville morte, mji mzima umegoma.

Hesabu ni hivi: faida ya mwaka gawanya kwa 12, zidisha kwa 3, chukua asilimia 80. Tuseme ulipata 6,000: mwezi ni 500, mitatu 1,500, mkononi 1,200. Usiseme "lakini nilifanya miezi tisa tu", wao wanaihesabu kama mwaka mzima. Na nusu ya kipato chako angalau iwe ya kujiajiri, kwa hiyo ule mshahara wa kufagia uangalie vizuri. Na ruzuku yenyewe inalipiwa kodi, weka kidogo kando.

Mama Ushindi (Bruxelles)
19 Mei, asubuhi

Mama Amani, achana na mambo ya kungoja simu. Nenda kwenye caisse yako, ule mfuko wa bima ya waliojiajiri, jaza fomu ya droit passerelle, msaada wetu wa Ubelgiji, hawakupigii mtu. Mimi saluni yangu walifunga 2 Novemba, tukafungua 13 Februari, wakafunga tena 27 Machi mpaka 26 Aprili. Wakanipa ile ya mara mbili, 3,228.20 kwa mwezi kwa mwenye familia. Hizo senti ishirini nazijua kwa sababu kodi ya nyumba ya saluni ni 1,900 na mwenye nyumba hajasamehe hata moja. Kila mara tukifungua naosha kioo cha mlango kwa siki, nabandika karatasi "TUMERUDI". Hiyo karatasi naitunza nyuma ya mashine ya kukaushia, haina kazi ya kutupwa.

Papa Chukudu (Norwich)
19 Mei

Yaya, kwa heshima zote, yeye yuko Sheffield. Hakuna caisse Sheffield.

Mama Ushindi (Bruxelles)
19 Mei

Nimesema afuate ofisi kwa miguu yake. Huko kwenu hakuna miguu?

Katindo (Lyon)
19 Mei

Munalia na asilimia 80. Sisi Ufaransa mwanzoni fonds de solidarité, mfuko wa msaada wa korona, ilitaka uwe umepoteza asilimia 70 ya mauzo ndipo wakupe euro 1,500. Watu wakapiga kelele, wakashusha 50. Mimi nauza vitenge sokoni Jumapili. Machi 2020 nilipoteza asilimia 48. Arobaini na nane! Nilikaa na kikokotoo usiku mzima natafuta hizo mbili.

Ndosho (Manchester)
19 Mei, usiku

Munajitesa bure. Mimi SEISS sikuigusa. Mwaka jana nilichukua BBL, ile pesa ya korona ya benki kwa biashara, pauni 18,000. Ukurasa mmoja wa maswali kwenye simu, pesa ikaingia kabla wiki haijaisha. Sasa hivi nina gari mbili Goma, moja iko inabeba watu kati ya mitaa ya Majengo na Ndosho, nyingine fundi anayo. Mama Amani chukua BBL.

Papa Chukudu (Norwich)
19 Mei, usiku

Ndugu Ndosho, samahani, siwezi kulala na hii.

Kwanza, BBL imefungwa tangu 31 Machi. Unamshauri mtu akakope dirisha lililofungwa.

Pili, huo ni MKOPO. Asilimia 2.5, mwaka wa kwanza hulipi, serikali ndiyo imelipa riba, lakini mwezi huu au ujao wataanza kukata. Omba PAYG, mpango wa kulipa polepole, wakusogezee kutoka miaka 6 mpaka 10 kama mfuko mwepesi.

Tatu, ilikuwa robo ya mauzo ya mwaka. 18,000 maana yake uliandika mauzo ya 72,000. Wewe unauza makayabo (samaki wa chumvi) na fufu sebuleni kwako, nimekula hapo, nimekaa juu ya hayo magunia. Sabini na mbili elfu?

Nne, ni pesa ya biashara yako ya hapa. Siku wakiuliza gari ziko wapi, utawaambia nini?

Ndosho (Manchester)
19 Mei, usiku sana

Nitawaambia ziko Goma. Na Kiswahili chako hicho cha kambi ya Nyarugusu kisinitishe. Kila mtu ana hesabu zake, mimi sikuuliza kwako teksi inatembea kilomita ngapi za makaratasi.

Mwalimu (Liège)
20 Mei

Wadogo zangu, shusheni sauti.

Nimewasoma wote tangu juzi, nikamkumbuka mama mdogo. Yeye alikuwa anapita Petite Barrière, mpaka wa Goma na Gisenyi ya Rwanda, kila asubuhi, beseni ya nyanya kichwani, viazi mgongoni, jioni amerudi. Siku nzuri alibaki na dola tatu, nne. Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa watu wa miguu. Malori yakaendelea kupita Grande Barrière, kwa hiyo wakawaambia wamama wafanye groupage: mukusanye pesa, mumpe mmoja, yeye aagize ng'ambo, lori lilete. Kwenye karatasi ni kitu kizuri. Lakini mama mdogo alikuwa anachagua nyanya moja moja, anaibonyeza karibu na kikonyo, anainusa. Kwa groupage unapewa kreti, za juu zinacheka, za chini zimeshakuwa sosi. Anayeagiza naye ana cha kwake hapo, na usafiri, na anayeshusha. Mtaji wa dola hamsini ulikwisha kwa majuma sita.

Huyo hana UTR. Hakuna hata fomu ambayo angejaza wakamkatalia. Kilichomsaidia ni AVEC yao, kikundi cha kuweka akiba, cha wamama ishirini na tano: lile sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa wamama watatu tofauti. Muda wa kugawana haukuwa umefika. Walikaa uani kwa mama mwenye kitabu, wakabishana tangu asubuhi mpaka mvua, wakafungua. Kila mmoja akapewa hisa zake. Wengine wawili ambao hawakupenda kungoja walikuwa wameshakwenda kwa banki lamberi, wale wa riba ya mtaani. Mmoja aliacha mashine ya kushonea huko mpaka leo.

Katindo (Lyon)
20 Mei

Mwalimu umenitoa machozi. Beseni za pale, asubuhi na ile baridi... Na sasa watu wamewekewa état de siège, utawala wa kijeshi, tangu tarehe 6, gavana mwanajeshi. Munaona itabadilisha kitu?

Ndosho (Manchester)
20 Mei

Itabadilisha. Raia wameshindwa, acha wanajeshi wajaribu.

Mama Ushindi (Bruxelles)
20 Mei

Wajaribu kitu gani ambacho hawajajaribu? Mimi naandika hapa nina miaka 51, tangu nina 25 naona wanajaribu.

(Hapa zilipita barua kumi na moja ambazo Mwalimu alizijibu kwa neno moja: "Jamani.")

Mama Amani (Sheffield)
21 Mei

Wandugu, swali langu.

Papa Chukudu (Norwich)
21 Mei

Mama Amani, piga tena asubuhi mapema kabisa. Waambie wewe ndiye uliyekata na kwa nini. Na wakipiga namba iliyofichwa POKEA.

Papa Chukudu (Norwich)
22 Mei, saa 1 na dakika 40 usiku

Mulima unawaka. Shemeji amenitumia picha, mbingu yote nyekundu juu ya volkano ya Nyiragongo. Nani ameshaongea na watu wake?

Katindo (Lyon)
22 Mei

Umeme umekatika upande wetu. Mdogo wangu yuko kwa miguu kuelekea Gisenyi, amebeba mtoto na televisheni. Televisheni! Nimemwambia aitupe, amekataa.

Mama Ushindi (Bruxelles)
22 Mei

Baba amekataa kutoka nyumbani. Anasema 2002 alikimbia, aliporudi lava ilikuwa imeacha nyumba lakini wezi hawakuacha kitu.

Mama Amani (Sheffield)
22 Mei, saa 6 usiku

Mama hapatikani. Yuko Majengo. Mwenye mtu Majengo aniambie.

Mwalimu (Liège)
23 Mei, asubuhi

Lava imesimama Buhene. Uwanja wa ndege haukuguswa. Barabara ya Rutshuru imekatwa na mawe ya moto. Mama mdogo yuko salama. Mama Amani, jirani yake amemwona mama yako saa kumi alfajiri karibu na mtaa wa Ndosho, ana gunia na jirani mwingine. Simu yake haina chaji.

Ndosho (Manchester)
27 Mei

Asubuhi hii gavana ameamuru mitaa kumi itoke, Majengo imo, Mapendo imo, Virunga imo. Wanasema moto uko chini ya mji, chini mpaka ziwani, unaweza kutoka bila taarifa. Ardhi inatetemeka kila saa. Watu wanakwenda Sake, wengine wanapanda boti za Bukavu. Gari yangu imeshakwenda Sake mara tatu tangu asubuhi, nimemwambia dereva leo hakuna kutoza mtu. Mama Amani, nipe namba ya mtu yeyote aliye karibu na mama, dereva atampitia.

Papa Chukudu (Norwich)
27 Mei

Ndugu Ndosho, Mungu akubariki. Ya BBL nimeyafuta.

Mama Amani (Sheffield)
29 Mei

Aksanti sana kaka Ndosho. Mama amefika Sake, amelala kwenye darasa la shule na watu kama sitini. Maji ndiyo hakuna. Anasema dereva wako alisimama akamnunulia biskuti.

Jana saa tano simu ililia, namba imefichwa. Nikaruka nikaacha maji yanachemka, maana huko watu wanapiga na simu za kuazima, sijui inatokea namba gani. Ni yule bwana wa sauti ya upole. Nilimtambua kabla hajamaliza salamu. Nikamwambia, mama yangu yuko barabarani na volkano, ninangoja simu yake, nipigie baadaye. Akasema "of course, madam, so sorry". Nikakata.

Papa Chukudu (Norwich)
29 Mei

Mama Amani. Akipiga tena mpe hizo taarifa za benki hapo hapo, dakika kumi tu. Zimebaki siku tatu.

Mama Ushindi (Bruxelles)
30 Mei

Kuhusu Sake: tumekusanya euro 640 hapa Matonge, nahitaji mtu wa kupokea ambaye simu yake inachajiwa. Wengi wa Sake wanalipa kuchaji kwa mwenye jenereta, foleni ni masaa. Kutuma kwa simu ya mwalimu mmoja wa huko Sake au kwa dereva wa ndugu Ndosho?

Ndosho (Manchester)
30 Mei

Dereva. Simu anachaji ndani ya gari.

Papa Chukudu (Norwich)
2 Juni

Mama Amani, alipiga?

Katindo (Lyon)
2 Juni

Kuna mwenye kujua kama boti za Bukavu zinarudisha watu Goma au bado? Mdogo wangu amefika Bukavu na televisheni yake, anataka kurudi.