Walimu wa saksafoni Mbeya, acheni kuwaanzishia watu soprano halafu mnawaambia hawana sikio la muziki

Wakuu, nimenyamaza vya kutosha, leo naweka wazi, maana nami ni mmoja wa walioanzishiwa soprano.

Hapa Mbeya mtu akienda dukani kuulizia saksafoni anaonyeshwa soprano, saksafoni ndogo yenye sauti ya juu, kwa sababu ndiyo iliyopo. Anaambiwa ni ndogo, nyepesi, imenyooka, hata mtoto anaimudu. Akisitasita anafunguliwa video ya Kenny G, mpigaji maarufu wa soprano, kwenye simu, biashara imeisha. Kisha anaelekezwa kwa mwalimu anayejuana na muuzaji, naye anapokea ada bila kumwambia lolote.

Semeni ukweli! Kwa anayeanza, soprano ni ngumu kuliko alto na tenor, saksafoni zilizo kubwa zaidi. Mausipisi yake, yaani kipande cha kupulizia mdomoni, ni ndogo na bomba lake jembamba, kwa hiyo ukibana midomo kidogo tu noti inapanda, ukilegeza inashuka. Alto inakuvumilia zaidi wakati bado unajenga midomo na pumzi. Hata magwiji wa soprano hawakuanzia hapo: Sidney Bechet alitokea kwenye klarineti. John Coltrane alikuwa ameshabobea kwenye tenor ndipo akaishika soprano. Ninyi mnampa kijana wa Uyole ambaye hajawahi kupuliza hata filimbi, halafu mnamtaka aongoze tenzi ibadani!

Kilichonichefua zaidi ni suala la funguo. Mwalimu wangu alinifundisha vidole, akaishia hapo. Ni kweli vidole vya saksafoni zote ni vilevile. Lakini soprano ni ya B bemoli: nikipiga C yangu, kwenye kinanda hiyo ni B bemoli. Kinanda kikiwa G, mimi natakiwa niwe A. Yeye anapiga alto, ambayo ni ya E bemoli, akanipa karatasi yake mwenyewe niipige kama ilivyo. Wimbo uko G kwenye kinanda, karatasi yake ya alto inasema E, na E ya soprano inatoka D kwenye kinanda. Hapo kuna wimbo gani? Mpiga kinanda naye ukimuuliza yuko ufunguo gani anakujibu "C", kumbe ameshabonyeza transpozi, kitufe cha kuhamisha ufunguo, na sauti inatoka D. Nikafokewa mbele ya kwaya nzima kwamba sina sikio. Sikio ndilo lililokuwa linaniambia tangu mwanzo kwamba hapa kuna kitu hakiko sawa!

Na baridi yetu je? Juni, ibada ya kwanza, mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Bomba likiwa la baridi sauti inashuka, kinanda hakishuki. Unatakiwa upulize pumzi ya joto ndani kwanza, upime na A ya 440, ile noti ya kulinganishia vyombo, ikibidi usukume mausipisi ndani kidogo. Hili ni somo la siku ya kwanza, mimi sikufundishwa kabisa.

Mwishowe nilikipeleka chombo kwa mzee mmoja wa Tukuyu anayetengeneza matarumbeta ya kanisa. Wamoraviani wako Rungwe tangu 1891, na matarumbeta kule si jambo la kubahatisha. Mzee hakunihoji kuhusu sikio. Alifunga dirisha, akaingiza waya wa taa ndogondogo za Krismasi ndani ya bomba, akawa anabonyeza vitufe kimoja kimoja taratibu. Chini ya pedi ya G, kile kifuniko laini kinachoziba tundu la noti, ukaonekana mstari mwembamba wa mwanga, upande mmoja tu. Pedi haikai vizuri, hewa inavuja. Ndiyo maana noti zote za chini zilikuwa zinakwama au zinaruka oktava ya juu zenyewe. Miezi yote ile naambiwa "kaza midomo, kaza midomo", hadi mdomo wa chini unatoka damu, kumbe pedi! Mwalimu alikishika chombo hicho mikononi mwake kila wiki.

Muuzaji, mwambie mteja chombo hiki kinamfaa nani na kinahitaji nini kabla hujapokea hela yake. Mwalimu, kama hujui soprano, sema hujui, mtu apeleke ada kwingine. Na kama umempokea, kagua chombo chake kwanza kabla hujamkagua yeye.

Sasa mnisaidie. Mzee ameishiwa pedi za saizi ya soprano. Nani anamjua fundi anayebadilisha pedi Iringa, Njombe au Makambako? Na mwenye alto ya kukodisha hapa Mbeya mjini, hata kama imechakaa, ilimradi haivuji, aseme bei.