Mji wa jangwani wenye taa kwa ajili ya vita vya mezani, nyaya nizipangeje?

KandiliNdogo

Wakuu habari zenu, naomba mawazo. Najenga mji mdogo wa jangwani wa kuchezea vita vya mezani, sanamu zangu za askari ni za urefu wa 28 mm na meza ni futi 4 kwa 4. Nyumba zitakuwa kama kumi na mbili hivi, za udongo, paa bapa, kuna soko lenye vibanda vya turubai, kisima, na mnara mmoja mrefu ambao ndio watu watakuwa wanaugombania. Ninachotaka hasa ni tuzime taa za chumbani tucheze usiku kwa mwanga wa mji wenyewe, madirisha yawake, kandili zining'inie milangoni, yaani ukikaa pale mezani uamini kuna watu wanaishi humo ndani.

Nyumba ya kwanza ya majaribio ni ya stairofomu ngumu ile ya kuzuia joto, ndani nimeweka LED moja nyeupe na betri ya duara CR2032. Inawaka ila ukuta mzima unang'aa, mwanga unapenya kwenye stairofomu yenyewe na kwenye maungio, afu ukiangalia dirishani unaona ncha ya taa inakuchoma macho. Na kila nyumba ikiwa na betri yake ina maana kuinua nyumba moja moja kuwasha na kuzima. Je niweke chanzo kimoja cha umeme kwa mji wote? Na nikifanya hivyo nyumba zitahamishikaje, maana sitaki mji uliogandishwa, nataka kila mchezo mitaa ibadilike. Kuchomelea waya kwa risasi naweza, hesabu za umeme ndio nahitaji mwongozo.

---

fundi_rezista

Mkuu chanzo kimoja ndio jibu, tena tumia volti 5 za USB maana chaja na pawabenki zipo kila mahali. Hesabu yenyewe sio ngumu. LED nyeupe inakula takribani volti 3, kwa hiyo zinabaki 2 ambazo lazima zimalizwe na rezista, kile kipande kidogo kinachopunguza umeme. Ukiweka rezista ya ohmu 470 unapata kama miliampea 4, na kwa dirisha la nyumba ya 28 mm hiyo inatosha kabisa, wengi wanaweka 20 kwa sababu ndio imeandikwa kwenye pakiti afu wanashangaa mji unafanana na uwanja wa mpira usiku. LED ya njano au nyekundu inakula volti 2 hivi, kwa hiyo hizo wape ohmu 1000, utapata miliampea 3. Kwa kandili ya mlangoni unaweza kwenda hadi 2200 na bado ikaonekana vizuri gizani.

Ziunge zote sambamba, yaani kila moja ipate chanya na hasi yake moja kwa moja kutoka waya mkuu, na KILA taa iwe na rezista yake. Usiweke rezista moja kwa kundi zima, hasa ukichanganya rangi, ile ya njano itavuta umeme wote na nyeupe zitabaki gizani. Mguu mrefu wa LED ni chanya, na kama umeshaikata miguu angalia ukingo wa kichwa chake, upande uliokatwa bapa ni hasi.

Sasa kuhusu kuhamisha nyumba, hapa ndipo penye raha. Tumia sumaku kama plagi. Sumaku ndogo za neodimiamu zimepakwa nikeli na nikeli inapitisha umeme, kwa hiyo kwenye ubao wa meza unazamisha sumaku mbili kila kiwanja, moja chanya moja hasi, zikae sawa na uso wa ubao, na chini ya nyumba unaweka mbili zinazolingana. Ukitua nyumba inajishika yenyewe na taa zinawaka papo hapo, hakuna waya unaoonekana. Na ukizipanga kwa akili, kwenye ubao moja ielekeze kaskazini juu na nyingine kusini juu, basi mtu akigeuza nyumba kinyume sumaku zinasukumana, haikai, kwa hiyo huwezi kukosea chanya na hasi hata mkiwa mnapanga mji gizani. Viwanja weka vingi kuliko nyumba, kama ishirini hivi, ndio mitaa ibadilike kama unavyotaka.

Ila usichomelee waya moja kwa moja kwenye sumaku!! Neodimiamu ya kawaida inaanza kupoteza nguvu ikipita nyuzi 80 hivi za Selsiasi na pasi ya kuchomelea iko mbali sana juu ya hapo. Chomelea waya kwenye kipande cha utepe wa shaba kwanza, kikipoa ndio sumaku ikae juu yake, gundi iishie pembeni tu isiingie katikati ya shaba na sumaku maana itazuia umeme. Na weka fyuzi ndogo ya nusu ampea mwanzoni mwa waya mkuu, kwa sababu kiwanja kisicho na nyumba kina sumaku mbili wazi, ukianguka msumari au bisibisi ikalala juu yake umeshapiga shoti, na sumaku zinaivuta kabisa hiyo bisibisi ije.

---

UdongoNaMchanga

Umeme ameshamaliza fundi hapo juu, mimi niseme kuta. Stairofomu inapitisha mwanga, hilo halikwepeki, kwa hiyo ndani paka rangi nyeusi nzito mikono miwili, kona na maungio yote uyajaze kwanza, afu juu ya nyeusi paka nyeupe. Nyeusi inazuia, nyeupe inasambaza. Kuna wanaobandika foili ndani badala ya rangi na inafanya kazi vizuri sana, lakini foili inapitisha umeme na miguu ya LED ikiigusa utatafuta shoti mpaka uchoke, kwa hiyo ukiitumia funika kila muungano wa waya kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Rangi ya kupuliza usiiguse stairofomu wazi, viyeyusho vyake vinaila, anza na gundi nyeupe iliyochanganywa na rangi nyeusi kwa brashi ikauke kabisa.

Ncha ya taa kuonekana: ielekeze LED ukutani au darini, isitazame dirisha kamwe. Mwanga ugonge ukuta mweupe wa ndani ndio utoke nje. Halafu ikwaruze kichwa chake kwa msasa laini mpaka kiwe na ukungu, na dirishani bandika kipande cha karatasi ya kuokea kwa ndani. Nunua ile nyeupe ya joto, pakiti imeandikwa 2700K au 3000K, hiyo nyeupe uliyoweka kwa majaribio pengine ni ya baridi na udongo ukiangaziwa na nyeupe ya baridi unakuwa kijivu, unakufa.

Lakini kuna jambo nalipenda zaidi kuliko hayo yote nataka ulifikirie kabla hujakata chochote: usiwashe kila dirisha. Tafuta picha za Shibam kule Yemen, ule mji wa maghorofa ya udongo, uone nyumba zilivyosimama, ukuta mnene chini unapungua kadri unavyopanda, juu umepakwa chokaa nyeupe, madirisha ya chini madogo na machache. Jangwani dirisha ni dogo kwa sababu jua ni kali, kwa hiyo usiku mwanga unatoka kwa vipande vyembamba tu, na huo ndio uzuri wake. Nyumba moja iwe na chumba kimoja cha juu kinachowaka, jirani yake giza kabisa, inayofuata mwanga uwe unapita chini ya mlango. Mchezaji ataanza mwenyewe kujiuliza nani yuko macho mle. Tazama pia msikiti mkuu wa Djenné, Mali, jengo la sasa ni la 1907, zile boriti za mbao zinazochomoza ukutani zikipata mwanga kutoka chini zinatupa vivuli virefu ajabu, na kwenye mfano wako ni vijiti vya meno tu vilivyokatwa.

Ah na rangi ya nje, dirishani na mlangoni usichore mwanga wa bandia kwa brashi kama taa ya kweli ipo, vitapingana. Badala yake brashi kavu ya mwisho (ile yenye rangi kidogo sana inayoshika miinuko tu) iwe nyepesi kuliko ulivyozoea, karibu na rangi ya krimu, kwa sababu chumba kikiwa giza hudhurungi yote inaonekana nyeusi.

---

mlinzi_wa_lango

Nyie wote mmesema vizuri ila mtu acheze pia jamani. Ukuta wa ukingo wa paa uwe kama milimita 18, kwa sanamu ya 28 mm hiyo ni kifuani, askari anajificha na bado anaona. Ngazi ya nje iwe na kituo kipana katikati maana kitako cha sanamu ni milimita 25 na vidaraja vya kweli haviwezi kukibeba. Mtaa mwembamba kuliko sentimita 6 mkono hauingii bila kuangusha kitu, gizani ndio kabisa.

Paa lazima litoke, kwa hiyo waya wowote usipite kwenye paa, taa zote zikae ukutani.

Na kuhusu zile betri za duara, hata kama fundi asingekuwa na sababu zake mimi ningesema achana nazo kama kuna watoto wanaokuja mezani. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni inaunguza ndani ya saa mbili tu. Ukizitumia, kisanduku chake kifungwe kwa skrubu.

Kimchezo, mimi ningeweka swichi ndogo kwa kila mtaa kisha taa ziingie kwenye sheria zenu. Askari aliye ndani ya sentimita 10 za kandili inayowaka anaonekana kutoka popote, aliye gizani anaonekana kwa karibu tu. Basi kuzima kandili kunakuwa kitendo cha zamu, mtu anatuma skauti wake kwenda kuzima taa ya soko kabla kundi halijavuka, na mnara wako ule mwenye kuushika ndiye anayeamua taa yake iwake au izimwe. Sanamu zikishafika hapo mji unakuwa mchezaji wa tatu.

---

KandiliNdogo

Wakuu nimesoma yote mara kadhaa, shukrani sana. Hii ya sumaku kusukumana imenifurahisha mno na hiyo sheria ya kandili tunaichukua kama ilivyo. Nyumba ya majaribio nimeipaka nyeusi na nyeupe ndani, LED nimeigeuza ikatazama ukuta wa nyuma, ni kitu kingine kabisa.

@fundi_rezista swali moja, nimeunga nyumba mbili kwenye pawabenki na rezista za 470, zinawaka vizuri alafu baada ya muda mfupi pawabenki inajizima yenyewe. Tatizo ni nini, nimeunga vibaya?

---

fundi_rezista

Umeunga sawa mkuu. Pawabenki nyingi zikiona umeme unaotumika ni mdogo sana zinadhani simu imeshajaa na zinajifunga. Nyumba mbili ni miliampea 8 tu, au 16 kama kila moja ina taa mbili. Mji ukikamilika na taa thelathini utakuwa kwenye 120 hivi na nyingi zitakubali kubaki wazi, ila kwa sasa jaribu kwa chaja ya ukutani, haina tabia hiyo. Au kisanduku cha betri tatu za AA, ni volti 4.5, rezista zilezile hazibadiliki, mwanga utapungua kidogo tu na kwa usiku wa jangwani naona itapendeza zaidi.

Ukimaliza mtaa wa kwanza weka picha, ya gizani na ya mchana.