Ufaulu wa asilimia 88 shule ya kata: tunapigwa na hesabu mchana kweupe

Wakuu, kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka tunasomewa kwenye kikao cha wazazi kwamba ufaulu umepanda, tunapiga makofi, tunarudi shamba. Hakuna anayeuliza: asilimia ya wangapi?

Chukua shule ya kata, yaani sekondari ya serikali ya kutwa, huko pembezoni, namba za mfano tu. Kidato cha kwanza waliingia 140. Waliokaa kwenye mtihani wa mwisho ni 61. Divisheni (daraja la ufaulu) ya kwanza hakuna, ya pili 3, ya tatu 7, ya nne 44, ziro, yaani waliofeli, 7. Taarifa inasema ufaulu asilimia 88. Kweli, 54 kwa 61. Sasa gawanya 54 kwa wale 140: haifiki 39. Toa divisheni ya nne, ambayo haimpeleki mtoto kidato cha tano, wanabaki 10. Asilimia 7!

Na hiyo divisheni ya nne muielewe vizuri. Zinajumlishwa pointi za masomo saba bora: A ni 1, F ni 5. D mbili na F tano ni pointi 33, ukingoni kabisa mwa divisheni hiyo. D inaanzia alama 30. Mtoto kapata 30 ya Kiswahili na 31 ya Uraia, kwingine kote F, naye kahesabiwa amefaulu.

Wale 79 wako wapi? Ukiuliza unaambiwa "walihama". Wapi? Wengine wamekwama mtihani wa kidato cha pili. Wengine, wakionekana watashusha wastani, wanashauriwa kiujanja wakajisajili kama watahiniwa wa kujitegemea. Na wasichana? Shule iko kilomita kumi, hosteli hakuna, mzazi anampangishia geto karibu na shule: chumba kimoja, debe la mahindi, dagaa, jiko la mkaa, mlango wa kufuli ya elfu mbili. Mtu mzima wa kumwangalia hayupo. Mimba ikiingia tunasema tabia. Novemba 2021 serikali iliruhusu warudi shule baada ya kujifungua, sawa, lakini anarudi na kichanga kwenye geto lile lile?

Msituletee mfano wa shule za vipaji kama Ilboru au Kilakala. Huko wanapelekwa waliochujwa darasa la saba, wanalala bweni. Shule ya kata inapokea waliobaki, waliosoma kwa Kiswahili miaka saba, halafu Januari wanakutana na Biolojia kwa Kiingereza. Asiye na mwalimu wa Fizikia atakimbilia masomo ya sanaa, ila Hisabati na Biolojia hazikwepeki.

Ada ilifutwa 2016, tunashukuru. Ruzuku ya serikali ya shilingi 25,000 kwa kichwa kwa mwaka haijengi hosteli.

Takwimu zipo, msidanganywe. Kila mtoto ana namba ya Prem, ya kumtambulisha kwenye kumbukumbu za shule tangu msingi, aliyehama kweli anaonekana alikohamia. Na wewe mwenyewe unaweza kuangalia: fungua matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, ya kidato cha pili ya miaka miwili nyuma, tafuta shule yako kwa namba yake inayoanza na S, hesabu watahiniwa, linganisha na wa kidato cha nne. Waliorudia darasa watavuruga kidogo. Usitazame jumla, nenda moja kwa moja kwenye mstari wa wasichana. Kisha nenda na karatasi hiyo kikaoni, umuulize mwenyekiti wa bodi kabla hajaanza kusoma asilimia.