Eti "usikitupe, nitapita kukichukua"! Mzee wa fimbo ametuzoea

Wakuu, nimepaki gari pembeni hapa Kiboriloni ndipo naandika, maana nikiendelea kuendesha na hasira hizi nitagonga mtu wa watu.

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa fulana yenye mifuko kumi na saba, kila Jumamosi anashuka bwawa la Nyumba ya Mungu na fimbo za kuvulia na masanduku ya chambo utadhani fundi friji. Anamvua perege, anampiga picha, anambusu, anamrudisha majini, halafu anatupia kwenye grupu: "Uvuvi wa kistaarabu." Huyohuyo.

Sasa jana mama mkwe kaja kutoka Ugweno. Mama mkwe wangu akija anakagua nyumba mpaka chini ya kitanda, kwa hiyo alfajiri nilikuwa sokoni Mbuyuni. Nikapata kambale mbichi wa Nyumba ya Mungu, mkubwa kama mguu wa mtoto wa darasa la nne, tumbo limetuna. Nikajisemea huyu ana mayai, leo nimeua. Mama akakataa asisaidiwe, akasema samaki wa hivi anamtengeneza mwenyewe. Akapasua. Kimya. Halafu nasikia, "Baba Glori, hebu njoo."

Kiganjani ana dude la rangi ya chungwa, lina mkia, ndani linametameta vumbi la dhahabu, limevimba kama kidole gumba kilichopigwa nyundo. Ukilibonyeza linarudi. Mama akaligeuza, akalinusa, akaniuliza, "Samaki wenu wa siku hizi wanakula pipi?"

Nikalipiga picha, nikatuma grupu, nikauliza kwa heshima zote hii mali ya nani. Dakika haijaisha, mtu mzima na mvi zake akajibu: "Hicho ni chambo changu, kilinikatikia wiki mbili zilizopita. Usikitupe, nitapita kukichukua."

Pole hakuna. Shikamoo kwa mama hakuna. NITAPITA KUKICHUKUA! Kama kaacha mwavuli!

Nchi hii mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, mpaka bibi wa vitumbua akahamia kwenye gazeti. Mvuvi wa Lang'ata pale bwawani akikutwa na timba, ile nyavu iliyokatazwa, inachomwa anaiona. Kokoro, ile nyavu ya kukokota, hivyohivyo. Sawa, sipingi, bwawa lenyewe limewahi kufungwa kabisa samaki wapumzike. Lakini huyu anapita na kilo nzima ya minyoo ya PVC, plastiki ileile ya bomba la maji, wameilainisha kwa kemikali zinaitwa fitaleti ili icheze kama nyama, na hakuna anayemwambia fungua sanduku. Ikinasa kwenye kisiki anakata mshipi, anafunga mnyoo mwingine. Ule wa kwanza hauozi. Kambale ni mlafi, anaumeza, unakaa tumboni na kuvimba, mwenyewe anaogelea anajiona ameshiba. Mwisho wa safari ni kwenye kiganja cha mama mkwe wangu.

Halafu usikitupe. Aje.

Kisu_Butu: Uzi bila picha ni porojo. Weka picha ya mnyoo. Na ya mama mkwe.

Binti wa Pasua: Mkuu mbona unazunguka? Kambale mlimla au hamkumla?

Baba Glori (mleta mada): Tulimla. Lakini hiyo siyo hoja.

Binti wa Pasua: Hahahaa, kumbe povu lote hili umeshiba.

Njiro_Mlimani: Ndiyo maana Moshi wanajiita mji msafi. Taka zote mmezihifadhi kwenye matumbo ya kambale. Sisi huku Arusha tukizunguka Ziwa Duluti tunaokota chupa, angalau chupa unaiona.

Mangi_Mdogo: Njiro acha wivu. Huku ukidondosha ganda la karanga unashikwa kola. Shida ni kwamba mgambo hawajui kupiga mbizi.

Mzee Chubwi: Mnalia na mpira, mimi nalia na risasi, ile metali siyo ya bunduki. Chubwi, vile vizito vya kuzamisha mshipi, tunayeyusha wenyewe kutoka kwenye betri bovu za magari, kopo liko jikoni, watoto wamezunguka wanavuta ule moshi kama wanaota moto. Uingereza chubwi ndogo za risasi zilitolewa madukani mwaka 1987 baada ya batamaji kuzimeza na kufa. Kanada tangu 1997 huingii nazo kwenye hifadhi za taifa kama ziko chini ya gramu 50. Mimi miaka thelathini nazibana kwenye mshipi kwa meno. Kwa MENO jamani.

Kisu_Butu: Sasa tumeelewa kwa nini mzee unaandika uzi mmoja mara tatu tatu.

Mzee Chubwi: Adabu yako kijana.

Ukweli Mtupu 01: Mnamuonea mtu wa watu. Chambo kilimkatikia, hakukitupa makusudi. Hata Marekani, jimbo la Maine, mwaka 2013 ulipelekwa muswada wa kupiga marufuku chambo cha mpira, wavuvi wakaja juu, ikaishia serikali kuambiwa ikafanye utafiti kwanza. Na siku hizi kuna chambo kinachooza, yeye ameshaagiza. Mleta mada ana chuki zake binafsi.

Binti wa Pasua: ID imefunguliwa leo, ujumbe 1. Shikamoo mzee wa fimbo.

Mangi_Mdogo: Umeshapita kukichukua?

Ukweli Mtupu 01: Mimi siyo yeye. Ila chambo kile kiliagizwa kutoka nje na ushuru ukalipwa, siyo kitu cha kuchezea.

Kisu_Butu: Kajifunga mwenyewe huyu, tena hatukumuuliza.

Baba Glori (mleta mada): Mmeona?! Hata hapa hana pole! Mama bado ananiuliza zile pipi tumezitupa wapi asije akaokota mtoto.

Mke wa Mvuvi Kagongo: Mimi niwaambie kitu. Huyo mnyoo wa mpira ana afadhali. Mwenzie huyo mzee wa fimbo ana ule mfano wa samaki mgumu, wa kupakwa rangi, umening'inizwa ndoana za meno matatu matatu. Ulibaki kwenye magugu pale tunapooshea vyombo. Mwanangu alikanyaga, tukambeba kwa bodaboda mpaka zahanati, ndoana imezama nyama ya kisigino na samaki wa rangi ananing'inia. Wanaume wa pale wanatumia mnyoo wa udongoni, wakikosa, samaki kala bure, basi. Lakini wao ndio wanaosimamishwa kila siku waonyeshe leseni.

Njiro_Mlimani: Pole mama. Hii ndiyo ilitakiwa iwe uzi.

Mangi_Mdogo: Pole sana dada. Mtoto anaendeleaje?

Mke wa Mvuvi Kagongo: Anatembea. Asanteni. Ila perege wanazidi kuwa wadogo na nyie wa mjini mnataka tuwauzie kwa bei ya mwaka juzi.

Binti wa Pasua: Heee, bei gani tena? Mbuyuni perege wanne saizi ya kiganja unaombwa hela ya kuku! Na hao wadogo wanatoka wapi kama kweli timba zinachomwa?

Mama Kibanda: Usiseme Mbuyuni, sema yule wa meza ya kona. Ana barafu kwenye mizani. Barafu inayeyuka unaangalia, ukifika nyumbani robo kilo imekuwa maji.

Kisu_Butu: Yule wa aproni ya bluu?

Mama Kibanda: Huyohuyo! Mwezi uliopita kaniwekea na kichwa ambacho siyo cha samaki wangu.

Baba Glori (mleta mada): Wakuu turudi kwenye mada. Kuna mtu anapiga honi getini. Fulana ya mifuko.

Mangi_Mdogo: Mama Kibanda, Manyema umejaribu? Pale kuna dada mizani yake imenyooka.

Mama Kibanda: Ya Manyema ndiyo ina jiwe chini. Muulize yeyote.