Prufu za mikoa ya Japani: kijani kinachonata, kupima fedha na vumbi la Dodoma

nzuguni_sarafu
Habari za humu wakuu. Nina sarafu tatu za yeni 1000, zile prufu (zilizopigwa maalumu kwa wakusanyaji) za mikoa 47 ya Japani zilizotolewa 2008 hadi 2016. Moja ni ya Hokkaido, yenye korongo wa rangi. Hazina kasha wala cheti, zimefika kwenye vifuko laini vya plastiki, na mbili zina kijani kinachonata ukingoni. Nisafishe kwa nini? Nitajuaje kama ni madini ya fedha kweli? Na kwa vumbi hili la kiangazi nizitunze vipi?

mkusanyaji_ipagala
Mkuu, zitoe kwenye vifuko hivyo leo hii. Ni PVC laini. Ikichakaa hutoa asidi inayokula madini, na hicho kijani ndicho dalili yake. Dawa yake ni asetoni safi ya maabara. Ile ya kutolea rangi ya kucha usiiguse, ina manukato na mafuta yanayobaki juu ya sarafu. Mimina kwenye bakuli la kioo (plastiki itayeyuka), loweka dakika 10, hamishia bakuli la pili lenye asetoni mpya, kisha iache ikauke yenyewe. Dirisha wazi, moto mbali.

chamwino26
Ndugu wa Ipagala, utaratibu huo unaifaa sarafu isiyo na rangi, mfano shilingi 50 yetu ya kifaru ya 1974. Hizi za yeni 1000 zimechapwa rangi, na asetoni inaweza kuing'oa. Usiloweke kabisa!

Funga pamba kidogo kwenye ncha ya kijiti cha meno, ichovye, ikamue hadi ibaki na unyevu tu, kisha iviringishe ukingoni, upande wa rangi ukitazama juu ili asetoni isitiririkie picha. Badilisha pamba kila mzunguko. Doa likiwa limeingia karibu na rangi, liache. Yenye doa bado ina mnunuzi. Iliyobanduka rangi huyo humpati.

Uso wenyewe usiufute, hata kwa kitambaa cha miwani. Prufu hupigwa zaidi ya mara moja kwa chapa (vyuma vya kupigia sarafu) zilizong'arishwa, ndiyo maana sehemu tupu ni kioo kitupu. Vumbi letu lina chembe za mchanga ngumu kuliko fedha. Ukifuta hata mara moja tu, kisha ukaiinamisha chini ya taa, utaona mistari myembamba kama nywele, na haitoki tena. Tumia pulizio la mpira la kusafishia kamera. Usipulize kwa mdomo, mate huacha madoa.

mizani_dom
Kuhusu fedha: sarafu hiyo ni gramu 31.1, kipenyo milimita 40, fedha tupu. Uzito peke yake hautoshi, pima na ujazo. Tafuta mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01. Weka juu yake glasi ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa chini wala kando. Mizani isome karibu gramu 2.96, ndio uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Ikisoma 3.4 au 3.5, ndani kuna shaba au aloi ya shaba na nikeli. Viputo vya hewa vikiganda juu yake namba hupanda na sarafu halali itaonekana feki, kwa hiyo itikise kidogo na usome tena. Baadaye isimamishe kwa ukingo juu ya karatasi laini ikauke.

Sumaku ni ya kuchuja tu: ikinasa, si fedha, isiponasa hujajua kitu, maana shaba nayo hainasi.

chamwino26
Kutunza: kapsuli ngumu za akriliki za milimita 40 kamili. Ya 41 huiacha sarafu icheze na kujisugua. Ishike ukingoni tu, juu ya taulo lililokunjwa, na fungia ndani asubuhi kabla upepo haujaanza. Kapsuli ziingie kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, pamoja na kipakiti cha silika cha kunyonya unyevu. Kuanzia Desemba hadi Aprili kikague, hewa huwa na unyevu. Mipira ya kufungia, magazeti na vitambaa vya sufu vikae mbali, vina salfa na ndiyo inayoitia fedha weusi.

nzuguni_sarafu
Nimeelewa wakuu. Ya Hokkaido doa lake liko mbali na korongo, naanza na hiyo kwa kijiti.

chamwino26
Sawa. Ila ipime kwanza. Ikisoma 3.4, asetoni hiyo itunze kwa ile nyingine yenye kijani.