Nataka kurekodi wimbo wangu wa kuabudu nyumbani, naombeni msaada

sauti_ya_tatu: Bwana asifiwe wapendwa. Nina wimbo niliupata usiku mama akiwa amelazwa, mi naimba kwaya tu sio msanii, nataka niurekodi kwa simu na gita langu ili ausikie. Shida nikisikiliza sauti iko mbali kama naimba ndani ya pipa. Chumba kina sakafu ya simenti na hela ya studio sina. Nianzie wapi?

fundi_mitambo: Amina. Hilo pipa ni mwangwi wa kuta, simu haina kosa. Tundika mablanketi mazito nyuma yako, simamisha godoro pembeni, mi huwa naimba nikiangalia kabati la nguo milango wazi. Simu iwe shibiri moja toka mdomoni ila pembeni kidogo, ukiielekea moja kwa moja kila "p" inapiga kishindo. App ya kurekodi ya BandLab ni ya bure, rekodi gita kwanza halafu imba umevaa hedifoni, na ukiona alama ya sauti inagonga nyekundu punguza, sauti ikishapasuka ni ngumu kuirekebisha.

mama_sifa: Na rekodi saa kumi alfajiri kabla bodaboda hazijaanza. Eko weka kiduchu sana, maneno yasikike.

sauti_ya_tatu: Jamani nimejaribu, nasikia hadi vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi! Ila ubeti wa pili sauti imenitetemeka nikalia, niurudie?

mama_sifa: Usiurudie mwanangu. Mpelekee mama hivyo hivyo.