Ushauri: Faili la MIDI la bongo fleva halipigiki kwenye kinanda

Mzigua_Korogwe: Wakuu, salaam. Nimetengeneza faili la MIDI (linalobeba maelekezo ya noti, si sauti yenyewe) la wimbo utakaopigwa kwenye harusi ya dada yangu. Kwenye kompyuta linasikika vizuri, lakini mpigaji wetu analishindwa kabisa kwenye kinanda cha vitufe 61. Nifanye nini?

FundiSauti: Mpigaji ni nani, na faili umelipataje?

Mzigua_Korogwe: Mpigaji hana shida, mkuu. Shida ni faili.

FundiSauti: Bila jibu hatuwezi kukusaidia.

Mzigua_Korogwe: Ni mwanangu wa miaka tisa. Faili limetolewa na programu inayogeuza rekodi kuwa noti. Sitaki kupunguza chochote, kwa kuwa ndugu wameshaahidiwa wimbo kama ulivyo redioni.

MamaKwaya: Ndugu yangu, mtoto asibebeshwe ahadi za watu wazima. Binti yangu alikipenda kinanda mpaka tulipomlazimisha kupiga mbele ya wageni; tangu siku hiyo hakukigusa tena.

FundiSauti: Programu hizo huandika hata sauti za juu zinazoambatana na kila noti kana kwamba ni noti kamili, ndiyo maana unakuta kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) zinazohitaji vidole saba. Zifute kwa mkono. Ngoma ziache chaneli (njia ya ala) ya 10, iliyotengwa kwa ajili yake katika General MIDI, kanuni za pamoja za vinanda za mwaka 1991, kinanda kizicheze chenyewe. Mtoto apige sauti ya mwimbaji kwa mkono wa kulia na bezi kwa mkono wa kushoto.

Mzigua_Korogwe: Bezi anaipiga tayari, mpaka ile E ya chini, noti namba 28 kwenye hesabu ya MIDI.

Mchunguzi: Kinanda cha vitufe 61 kwa kawaida huanzia noti namba 36. Noti hiyo hana pa kuipigia. Wakuu, hapa hakuna mtoto wala harusi, tunapotezewa muda.

Mzigua_Korogwe: Harusi ipo. Tunabonyeza kitufe cha kushusha oktava, yaani hatua 12 za vitufe.

FundiSauti: Basi tatizo ndilo hilo! Kitufe hicho hushusha kinanda kizima, kwa hiyo mkono wa kulia unalazimika kuifuata sauti ya mwimbaji mbali na mahali alipojifunzia. Kizime, kisha pandisha bezi nusutoni (hatua) 12 ndani ya faili. Noti ya 28 itakuwa ya 40, na vidole vitaifikia.

Mchunguzi: Mimi bado siamini.

Mzigua_Korogwe: Bezi nitaipandisha usiku huu. Kodi za kiitikio, hata hivyo, sizipunguzi.